Chura wa Bustani na Jivu la Nankondo

Msimrushie jiwe. Huyo aliyetuna pale chini ya kigae, mwenye mgongo kama sufuria iliyounguza uji, ana haki ya kukaa alipokaa, na mkinyamaza kidogo huku mikono ikiendelea kung'oa magugu, maana kisa hiki cha wanawake wa Kirindoni husimuliwa mikono ikiwa na udongo wala hasimuliwi mtu aliyekaa bure, basi mtajua haki hiyo aliipataje, na kwa nini anatuna vile kila akitazamwa, kama mzee aliyeitwa mbele ya watu kusifiwa.

Zamani jua lilikuwa hili hili na joto lilikuwa hili hili, ila Chura hakuwa hivi. Ngozi yake ilikuwa laini kama kibuyu kilichopakwa samli. Aliishi mtoni, bustani hakuijua, na kazi yake kubwa ilikuwa kujitazama majini na kusema, "Mashallah, tazama ule mgongo." Kiangazi kikikausha mto alijifukia kwenye tope akalala mpaka mvua irudi, naye akirudi, bado laini. Na Kirindoni wakati huo usingeona kigae hata kimoja nyumbani kwa mtu. Chungu kikivunjika, vipande vilibebwa siku hiyo hiyo vikatupwa ng'ambo ya mto, kwa maana walisema nyumba inayotunza kilichovunjika inaviita na vizima vije vivunjike.

Basi ndipo akaolewa pale Nankondo, binti wa milimani, kule juu ambako maji hayatafutwi, yanakufuata yenyewe mpaka mlangoni. Alishuka na chungu kimoja alichopewa na mama yake, akazaa mtoto wa kwanza, Mbonea, na mumewe akaondoka na ng'ombe kutafuta malisho mpaka mvua itakaporudi. Akabaki yeye, mtoto, jua, na mila.

Mila yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke aliyezaa mzaliwa wa kwanza alipaswa, kabla kiangazi cha kwanza cha mtoto huyo hakijaisha, apeleke kwenye mafiga ya mama mkwe wake chungu cha mboga mbichi, si za kukausha, si za kuokota porini, bali za mkono wake, alizozilima jua likiwaka. Mama mkwe akila, alimfunga mtoto ushanga kiunoni na mtoto akabaki kwa mama yake. Mvua ikitangulia chungu, mtoto alihamia nyumba ya bibi, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi, na mama yake akawa anamwona kama jirani anavyomwona. Walisema ardhi kavu ikimshinda mwanamke, na ziwa lake nalo litakauka, afadhali mtoto ahame kabla hajaijua njaa. Haikuwa mila ya chuki. Iliwaokoa watoto mwaka mmoja wa njaa, mwaka ule ukapita, mila ikabaki.

Nankondo aliogopa. Aliogopa kama mama wa mtoto wa kwanza anavyoogopa, vyote kwa mkupuo, akimlaza anamwekea kidole puani aone kama anapumua, akimbeba anaogopa shingo, mtoto akipiga chafya, anashtuka mama. Kumwogesha ndiko kulikokuwa na shughuli. Alichovya kiwiko kwenye maji, akakitoa, akakichovya tena, maana mama yake alimwambia kiganja cha mkulima ni kigumu na huongopa, kiwiko hakiongopi. Na sasa juu ya hofu hizo zote iliwekwa hofu moja iliyozimeza zote: kwamba atakuja kusimama nje ya ua wa mama mkwe, asikie mwanawe akilia ndani, na asiwe na ruhusa ya kuingia.

Bustani aliianza vibaya. Aliinua matuta marefu, makubwa, kama ya kwao, bila kukumbuka kwamba kwao tuta huinuliwa ili kuyafukuza maji, na huku chini maji hayafukuzwi. Alichimba kisima kwenye mchanga wa mto uliokauka, akachota kwa kata, akapanda ukingo na mtoto mgongoni, akamwagilia, na maji yakateremka ubavuni mwa tuta yakapotea kama hayakuwahi kuwapo. Mchicha ukakauka ukiwa na majani mawili. Akakaa chini akalia, akanyonyesha, akainuka, akayavunja yale matuta yote. Akageuza. Palipokuwa juu akapafanya chini, akachimba vijaruba vya kina cha ugoko, akatia samadi ya mbuzi, na juu yake akasimamisha vijiti na kuezeka nyasi ili jua la mchana liingie kwa hodi.

Wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ulimi wake ulitangulia miguu, alipita akasimama.

"Wifi! Unalima au unachimba makaburi?"

"Nachimba, wifi," akasema Nankondo bila kuinua kichwa. "Wa kwanza kuzikwa ni huo mdomo wako."

Wanawake waliokuwa wakichota maji walicheka mpaka kata zikawaponyoka, na Nankondo mwenyewe akashinda siku nzima akitetemeka kwa aliyoyasema.

Lakini vile vijaruba vilishika maji. Mchicha ukatoka, mnavu ukatoka, kunde na bamia zikasimama, kijani katika mwezi ambao Kirindoni kijani ilikuwa rangi ya kukumbukwa tu. Watu wakaanza kupoteza mbuzi kwa makusudi ili wapate sababu ya kupita upande ule. Nankondo akaanza kulala. Kidogo.

Kisha wakaja sota.

Sota ni kiwavi mnene, wa kijivu, ambaye mchana hujikunja chini ya udongo kama asiyehusika na lolote, na giza likiingia hutoka akaukata mche shingoni. Hali wote, laiti angekula wote. Anauangusha, anang'ata kidogo, anahamia wa pili. Nankondo alifika asubuhi akakuta miche imelala chini, mibichi bado, kama watu waliozimia. Akafukua kwa vidole, akawaponda kwa jiwe, akarudi kesho yake akakuta mingine imelala. Akafukua tena. Kucha zikamtoka damu, mgongo ukamuuma kwa kuinama na mtoto, na upande wa kushoto wa bustani ukabaki kama kichwa kilichonyolewa vibaya.

Jioni moja mama mkwe alikuja akasimama ukingoni. Alikuwa mwanamke mrefu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama anayetoa mbegu akiba.

"Mama Mbonea, mawingu yameanza kukaa milimani kwenu."

"Nimeyaona, mama."

"Nimefagia kona ya kitanda changu. Sisemi kwa ubaya."

"Najua, mama."

Yule mama akatazama miche iliyoanguka, akakawia kuondoka. "Mume wako hakulelewa na mimi," akasema. "Mwaka wangu panzi walinitangulia. Nilikuwa nikimwona akipita na bibi yake, namsalimia kama mtoto wa watu. Mila haikuniuliza mimi pia." Akajitanda nguo yake akaenda.

Nankondo alipika jioni hiyo, hakula. Alimbana mtoto kifuani, akamkumbuka mama yake, na katika kumkumbuka akakumbuka jivu. Kule milimani mama yake alizungushia jivu kila shina, sota akilipita linamkwaruza tumbo na kumkausha, akageuza njia. Vipi alisahau? Hata hakungoja kupambazuke vizuri. Alfajiri alimfunga Mbonea mgongoni, akakomba jivu lote mekoni, likajaa ungo, akaenda mbio, na kwa haraka ile na hofu ile hakutia mkono ndani yake aone. Yeye aliyechovya kiwiko kwenye maji ya mtoto mara mbili kila siku, jivu hakulijaribu hata mara moja. Na chini ya jivu lile, makaa yalikuwa hai.

Sasa, mwaka ule tope la mtoni lilipasuka mapema. Chura alijifukia, tope likamkaukia mgongoni, likamtema. Akahangaika juani akitafuta unyevu, na palipokuwa na unyevu Kirindoni nzima ni mahali pamoja tu, vijaruba vya Nankondo. Aliingia usiku ule ule wa kuamkia alfajiri ya jivu, akajibanza chini ya majani ya kunde. Njaa ilikuwa imemkamata. Akaona kitu cha kijivu kinatambaa kuelekea shina la mchicha, akarusha ulimi. Kitamu. Akaona cha pili. Alikula mpaka alfajiri, akashiba kama hakuwahi kushiba mtoni, na alikuwa ndiyo kwanza anafumba macho ajisifie mgongo wake kabla ya kulala, ndipo ungo wa jivu ulipomwagika juu yake.

Alipiga ukelele ambao Nankondo aliudhani ni wa mtoto. Akamshusha Mbonea, akamgeuza, akampapasa, mzima, amelala. Ndipo akamwona Chura akijiviringisha kwenye udongo, mgongo umejaa makaa madogo mekundu, malengelenge yakiinuka moja moja, na mdomoni mwake, nusu ndani nusu nje, sota.

Nankondo akatazama miche. Siku ile hakuna hata mmoja uliokuwa umelala.

"Ni wewe," akasema. "Mungu wangu, ni wewe uliyekuwa ukifanya kazi."

"Nilikuwa," akasema Chura, akilia kwa hasira. "Sasa nakwenda zangu. Angalia ulivyonifanya! Nani alikuwa na mgongo kama wangu? Nani?"

"Usiende. Jua likikukuta njiani na mgongo huo utakufa."

"Nife basi. Nitaishi vipi hivi? Maji nitayatazamaje?"

Nankondo akanyakua chungu. Alikimbia kisimani akakijaza, akarudi akipanda ukingo kwa magoti na mikono, akammwagia Chura maji mgongoni, safari ya kwanza, ya pili, na ya tatu miguu ikateleza, chungu cha mama yake kikapiga jiwe. Kitako kilibaki kama bakuli. Bega la chungu likamegeka kipande kikubwa, kilichopinda kama paa, bado kinadondosha maji.

Akaketi pale akakitazama. Hakuwa na chungu kingine cha kupelekea mboga hata kama mboga angezipata. Jua lilikuwa linatokeza. Na Chura, ambaye mgongo ulimwaka kuliko hasira, akatambaa akaingia chini ya kile kigae, penye giza, penye ubaridi, akageuza uso wake upande wa ndani.

"Usinitazame," akasema kutoka ndani.

Nankondo akaona aibu ile, akaijua. Akafunua nguo yake kidogo tumboni.

"Wewe ndiye utazame huku," akasema. "Na mimi nilikuwa laini. Wasichana wenzangu waliniita maziwa mgando. Ona sasa, michirizi toka hapa mpaka hapa, kama njia za mchwa. Mwanzoni nilikuwa naoga gizani. Halafu siku moja Mbonea ananyonya, mkono wake mdogo uko hapa hapa kwenye michirizi, anaikuna kama yake, na kweli ni yake, nikajiambia hii si aibu, huyu ndiye aliyepita hapa. Na huo mgongo wako, kila atakayeuona ajue kuna bustani ilipona."

Kisha Chura akauliza, "Hao wa kijivu, usiku huu watakuwapo?"

"Watakuwapo."

"Basi nitaona."

Alikaa. Mchana alilala chini ya kigae, na Nankondo akakilowesha kila alipomwagilia. Giza likiingia alitoka akala sota, akala panzi, akala mbawakawa, hakuchagua. Miche iliyobaki ikanenepa. Hata lile jivu, baada ya kupoa, Nankondo alilizungushia mashina ya bamia, na sota aliyemponyoka Chura, jivu lilimgeuza njia.

Lakini kigae bustanini kilionekana. Wifi alikiona wa kwanza, na kilichoonwa na wifi kimeonwa na wote. Wakaja wanawake, wakasimama ukingoni, mawingu nyuma yao yameshuka toka milimani na yamekaa mazito.

"Wifi, umetuletea mkosi," akasema yule. "Kilichovunjika hutupwa. Ndiyo maana kwenu mlimani mnaporomoka na mawe. Kitoe kabla hatujavunjikiwa nyumba nzima."

Nankondo alisimama mbele ya kijaruba na mtoto mgongoni. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu aliye mbali.

"Hakitoki."

"Unasemaje?"

"Nasema hakitoki. Mtoto mkimchukua mtakuwa mmemchukua, mila ni yenu, lakini kigae hiki hakitoki, kuna mtu chini yake ambaye nilimuunguza kwa mkono wangu na hakuniacha, mimi nitamwachaje?"

Wakatazamana. Mama mkwe akapita katikati yao, akainama, akakiinua kigae.

Chura alishtuka kwa mwanga. Angeweza kugeuza uso. Wanawake wote wa Kirindoni walikuwa wamemkodolea macho, na mgongo wake ulikuwa kama mnavyouona sasa, malengelenge yamepona yakawa vinundu. Alimtafuta Nankondo kwa macho, akamwona, kisha akavuta pumzi. Akavuta nyingine. Akatuna, akatuna, mpaka kila kinundu kikasimama peke yake na kuhesabika. Mama mkwe akaanguka kwa makalio. Wakati huo huo sota mmoja, aliyeguswa na mwanga, akajikunjua pale penye unyevu akaanza kutambaa kuelekea mchicha, na hakuna aliyeuona ulimi. Walichoona ni kwamba sota alikuwapo, na hayupo.

"Huyu ndiye mfanyakazi wako?" akauliza mama mkwe, angali chini.

"Ndiye, mama."

"Kumbe mimi nilimkosa huyu tu," akasema yule mama polepole. Akainuka, akakirudisha kigae mahali pake kwa mikono miwili, kama anayefunika chakula cha mgeni. "Na kile kitako cha chungu kiko wapi?"

"Nimekificha chini ya nyasi, mama. Kilinishinda kukitupa."

"Kilete. Chuma mboga. Mila ilisema chungu. Haikusema kizima."

Basi mchicha na mnavu vikachemka katika kitako cha chungu kilichovunjika, na bega la chungu hicho hicho likiwa bustanini linalinda vilivyobaki. Mama mkwe akala. Alikula bila haraka, akakomba kwa kidole, akamfunga Mbonea ushanga kiunoni, na mikono yake ikakawia pale kwenye fundo kuliko fundo lilivyohitaji. Wifi naye aliomba aonje, akaonja, akaomba tena, na hilo la pili ndilo Nankondo alilolisimulia mpaka uzeeni. Wale wanaosema mvua ilidondoka mama mkwe akiwa na tonge mdomoni wanatia chumvi. Mvua ilikuja baadaye, kwa wakati wake, ikamkuta Mbonea mgongoni mwa mama yake.

Na tangu siku hiyo Chura ana vinundu mgongoni, na ukimtazama hujificha kwanza, kisha akakumbuka, akatuna. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa Kirindoni anayemwaga jivu bustanini kabla hajaligusa kwa kiwiko, hata likiwa la juzi, hata akiwa na haraka, na mkiona mwanamke popote penye joto ameinama juu ya ungo wa jivu na kiwiko chake ndani, mwulizeni kwao wapi. Mila ya kuhamisha watoto ilikufa kimya kimya, kwa kuwa mama mkwe yule aliwaambia wenzake kona ya kitanda chake amewekea maboga. Na bi harusi akiingia kijijini humkuta mama mkwe mlangoni ameshika vyungu viwili, kimoja kizima na kimoja kipande. Kizima hupokewa kwa mkono mmoja. Kipande hupokewa kwa mikono miwili.

Haya, mmefika mwisho wa mstari na magugu yamekwisha. Rudisheni kigae vizuri, kisikae upande, na mkimsikia anayetuna huko chini mwacheni atune. Amestahili.